Kidonda cha mguu wa kisukari hakifungi? Namna ya kutumia dawa za vichocheo vya ukuaji, na mambo ya kumaliza kabla hujatoa hela

Jamani hii naiandikia wale wenye mzee au bi mkubwa nyumbani ana kidonda chini ya unyayo, miezi inakatika hakifungi, kila siku dresing, kila wiki dawa mpya, alafu anatokea mtu na stori kwamba kuna jeli ya Marekani au sindano ya Kuba inafunga kidonda fasta, tuma hela uletewe. Dawa hizo zipo kweli na zimefanyiwa utafiti, sio uongo, ingawa wanaouza feki nao wapo. Shida ni kwamba zinafanya kazi kwenye kidonda kilichoandaliwa tu, na hapo ndo watu wanapoliwa hela. Ukipaka jeli ya bei kali kwenye kidonda ambacho mzee bado anakikanyaga kutwa nzima ni kupaka rangi ukuta unaovuja. Kwahiyo zaidi ya nusu ya mwongozo huu ni ya kabla ya dawa, usiiruke.

Kwanza kidogo uelewe kinachoendelea ndani. Mtu mwenye afya akikatika, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinamwaga protini ndogo ndogo ambazo kazi yake ni kuita chembe nyingine zije zijenge nyama, zitengeneze mishipa mipya ya damu na kutandika ngozi juu. Protini hizo ndo vichocheo vya ukuaji, ziko nyingi, utasikia madaktari wanataja PDGF, EGF, VEGF, FGF. Kwa mgonjwa wa kisukari kidonda kinakwama kwenye hatua ya uvimbe, kinakuwa na vimeng'enya vingi mno vinavyotafuna protini, kwahiyo vichocheo vinaliwa kabla havijafanya kazi. Wazo la tiba ni kuviongeza kutoka nje. EGF aliigundua Stanley Cohen kwenye tezi za mate za panya, akapata Nobeli 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini. Na ndio, mate ya binadamu yana EGF pia, ila tafadhali mtu asije akatemea kidonda cha mzee, mdomo una bakteria kibao.

Hatua ya 1: pima kidonda kwa rula

Usiniambie "naona kama kinapungua". Chukua rula, pima sehemu ndefu kuliko zote, alafu upana unaokatiza hapo, zidisha. Andika na tarehe. Piga na picha, rula ikiwa pembeni ya kidonda, kila wiki siku ile ile. Mfano kidonda cha sentimita 4 kwa 3 ni 12. Baada ya wiki nne za huduma nzuri kikifika 3 kwa 2, yani 6, kimepungua nusu, huyo yuko njiani kupona, endelea hivyo hivyo na hela yako kaa nayo. Lakini kikiwa bado 3.5 kwa 3, hiyo ni 10.5, hapo hata kama kinaonekana kisafi na chekundu vizuri, kimekwama. Kipimo hicho cha nusu ndani ya wiki nne ndo kliniki nyingi za mguu zinatumia kuamua kama mtu aongezewe kitu kingine.

Angalia hapo nimesema wiki nne za huduma nzuri. Wiki nne za kumwagia unga wa kapsuli ya amoksilini hazihesabiki. Huu mtindo wa kupasua kapsuli na kunyunyiza juu ya kidonda umeenea sana, na unachofanya ni kutengeneza ukoko unaoficha usaha chini. Spiriti na haidrojeni peroksaidi nazo kila siku zinaua hata chembe changa zinazojaribu kuota. Kusafisha, nomo salaini, yale maji ya chumvi ya hospitali, inatosha.

Hatua ya 2: damu inafika mguuni?

Hii ndo inaamua kila kitu. Kama mshipa umeziba hakuna jeli wala sindano itakayoota nyama, maana nyama inajengwa kwa kinacholetwa na damu. Muuguzi au daktari anagusa mapigo sehemu mbili, juu ya mguu na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Asipoyapata au akiwa na wasiwasi inatakiwa kipimo cha Dopla, wanalinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Ya kifundo ikigawanywa kwa ya mkono ikawa chini ya 0.9 mishipa ina shida. Sasa kuna mtego, wagonjwa wa kisukari wa muda mrefu mishipa yao inakuwa migumu kwa chokaa, kwahiyo namba inaweza kuja nzuri kumbe damu haifiki. Ndo maana wanapima na presha ya kidole gumba cha mguu, ikiwa chini ya 30 huyo anatakiwa daktari wa mishipa haraka, habari za vichocheo ziwekwe pembeni kwanza.

Na mtu asiseme "mguu haumuumi kwahiyo damu iko sawa". Ganzi ya kisukari inaua maumivu. Mtu anaweza kutembea na msumari ndani ya kiatu asijue.

Hatua ya 3: maambukizi na mfupa

Wekundu unaosambaa kuzunguka kidonda, joto, uvimbe, usaha, harufu, sukari kupanda ghafla bila sababu, hayo ni maambukizi na yanatibiwa kwanza. Homa isikudanganye, wengi hawapati homa hata mguu ukiwa umeharibika kabisa. Kidole kikianza kuwa cheusi, au wekundu unapanda juu ya mguu, au mzee anatetemeka na kuchanganyikiwa, acha kusoma hapa, nenda hospitali leo hii hata kama ni usiku.

Daktari pia ataingiza kijiti cha chuma taratibu ndani ya kidonda, kikigonga kitu kigumu kuna uwezekano mkubwa mfupa umeshaingiliwa, hapo anapigwa eksirei na anaweza kukaa kwenye antibayotiki kwa wiki kadhaa. Vichocheo juu ya mfupa unaooza ni hasara tupu. Na kinyume chake pia ujue, kidonda kisicho na maambukizi hakihitaji antibayotiki, hazifanyi kifunge haraka.

Hatua ya 4: kukwangua

Ile nyama ya njano au nyeusi, na ule ukingo wa sugu mgumu unaozunguka kidonda, vyote vinatolewa kwa kisu cha kliniki mpaka paonekane nyama hai inayotoa damu kidogo. Ndugu wengi wanaogopa hapa, wanasema "wamekikuza kidonda". Kweli siku ya kwanza kinaonekana kikubwa, lakini sugu ikibaki inakandamiza, na ngozi mpya haiwezi kuvuka nyama mfu. Hii haifanywi mara moja ikaisha, inarudiwa mara kwa mara, na dawa za vichocheo zinategemea sana kidonda kinachokwanguliwa vizuri. Usifanye nyumbani na wembe. Kama damu haifiki mguuni (hatua ya 2) kukwangua nako kunaweza kuleta balaa, ndo maana nimeyapanga hivi.

Hatua ya 5: mguu usikanyagwe

Hapa ndo nataka tukae kidogo maana hapa ndo wengi wanashindwa, na wanashindwa kimya kimya.

Kidonda cha chini ya unyayo kimetokana na kukandamizwa sehemu moja maelfu ya mara kwa siku kwenye mguu usiohisi. Kila hatua anayopiga mzee inasaga ile nyama changa iliyoota usiku. Dawa bora kuliko zote kwa kidonda cha aina hii, kama damu iko sawa na hamna maambukizi makali, ni plasta ngumu ya POP au buti maalum linalofika chini ya goti ambalo haliwezi kuvuliwa, linafungwa na mtaalamu. Kwanini lisivuliwe? Kwasababu watu wanavua. Kuna utafiti wa Marekani wa 2003 waliwafungia wagonjwa vifaa vya kuhesabu hatua bila wao kujua kuna kingine kwenye buti, ikaonekana buti lilikuwa mguuni kwa asilimia 28 tu ya mizunguko yao ya siku. Na hao wote wanajua wana kidonda. Mtu anavua akiwa nyumbani, anasema naenda chooni tu, naenda kufungua geti tu, natawadha tu.

Kwa mazingira yetu kama POP ya kitaalamu haipatikani karibu, omba kliniki wakuwekee pedi nene ya povu au felti iliyotobolewa kwenye soli, magongo, kiti cha magurudumu cha kuazima, chochote kinachotoa uzito pale. Kitanda kisogezwe karibu na choo. Swala akiwa amekaa. Kandambili na yeboyebo zitoke mlangoni kabisa, maana zikiwepo atazivaa. Ongea naye kwa heshima ila waziwazi, "Baba, kila ukikanyaga tunaanza upya", wazee wengi wakielewa sababu wanakubali, wasichokubali ni kuamrishwa na watoto.

Hatua ya 6: sukari na msosi

Kwa kifupi, wastani wa sukari wa miezi mitatu upimwe, dawa zipangwe upya na daktari, sigara iachwe maana inabana mishipa. Alafu protini. Naona wagonjwa wananyimwa hadi maharage na samaki "kwasababu ana sukari", mtu anaishi kwa uji wa dona na mchicha, nyama ya kufunga kidonda itatoka wapi? Mayai, dagaa, kunde, ila kama figo zina shida uliza kwanza kiasi gani.

Hatua ya 7: sasa chagua aina ya kichocheo, pamoja na daktari

Umefika hapa, wiki nne zimepita, damu inafika, usaha hamna, mguu haukanyagwi, na bado rula inasema hakijapungua nusu. Sasa ndo tunazungumza. Ziko njia kubwa tatu.

Ya kwanza ni jeli ya PDGF, jina lake bekaplemini, inauzwa kwa jina la Regranex. Marekani iliidhinishwa 1997 kwa vidonda vya ganzi ya kisukari vilivyopita ngozi na vyenye damu ya kutosha. Kwenye utafiti mkubwa uliotoka 1998, waliopaka jeli hiyo asilimia 50 walifunga kabisa ndani ya wiki 20, waliopaka jeli tupu isiyo na dawa asilimia 35. Sasa isome vizuri hiyo. Ni faida ya kweli, lakini nusu hawakufunga, na theluthi nzima walifunga bila dawa yoyote ya ajabu, kwa huduma nzuri tu.

Ya pili ni sindano ya EGF, Heberprot-P, imetengenezwa Havana kwenye CIGB, kituo chao cha utafiti wa bioteknolojia, ikasajiliwa Kuba 2006, na baadae nchi nyingine kadhaa. Hii haipakwi, inachomwa ndani ya kidonda chenyewe, kwasababu wenyewe walisema ukipaka juu vimeng'enya vinaila. Inatumika zaidi kwa vidonda vikubwa na vilivyoingia ndani sana. Nchi nyingine zina jeli na dawa za kupuliza za EGF na FGF, India na Japani zinazo, na watu wetu wanaoenda kutibiwa India wakati mwingine wanarudi nazo kwenye begi.

Ya tatu ni kutumia damu ya mgonjwa mwenyewe. Mojawapo ni kiraka, wanatoa mililita 18 hivi za damu, inazungushwa kwenye mashine kama dakika 20, inatoka duara laini la chembe sahani, chembe nyeupe na nyuzi za kugandisha, linalazwa juu ya kidonda mara moja kwa wiki. Utafiti wa Uingereza, Denimaki na Uswidi uliotoka 2018 ulichukua wale tu ambao kidonda hakikupungua nusu kwa wiki nne (umeona ile rula?), wakapata asilimia 34 kufunga ndani ya wiki 20 dhidi ya 22 kwa wasiopewa.

Na ukweli wote uwekwe mezani: mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari, ule wa IWGDF wa 2023, haupendekezi jeli na sindano za vichocheo kama tiba ya kawaida, unaona ushahidi wake haujawa imara, wakati kiraka cha damu wamekikubali kwa masharti, pale huduma nzuri imeshindwa na wataalamu wapo. Mimi kwa mtazamo wangu kama hela ni ya kuazima au ni ya kuuza kiwanja, anza na POP. Kama hela ipo na hatua zote za juu zimekamilika, jeli au sindano sio ujinga.

Hatua ya 8: kabla ya dozi, nani asitumie

Mwenye saratani au uvimbe usioeleweka sehemu ya kidonda, hapana. Dawa inayoambia chembe ziongezeke haichagui chembe. Marekani 2008 waliiwekea bekaplemini onyo kali kwa wanaotumia tyubu tatu au zaidi kuhusu vifo vya saratani, 2018 wakaliondoa hilo onyo kali baada ya taarifa zaidi, ila mwenye historia ya saratani bado anatakiwa kuongea na daktari kwa kina. Kidonda cha muda mrefu chenye kingo zilizoinuka kama koliflawa kikatwe kipande kikapimwe kwanza.

Kununua: jeli ya Regranex inakaa friji, nyuzi 2 mpaka 8, na haitakiwi kugandishwa. Sindano ya Heberprot nayo hivyo hivyo. Kwahiyo mtu anayekuuzia kutoka kwenye droo ya meza, au aliyeileta na basi kutoka mpakani kwenye mfuko wa rambo, usipokee hata kwa bure. Angalia tarehe, lebo, na uliza kama dawa imesajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi yako. Ukifika nayo nyumbani iweke katikati ya friji, mlangoni joto linapanda na ukutani mwa friza inaganda, na umeme ukikatika usifungue fungue mlango.

Hatua ya 9: kupaka jeli

Mara moja kwa siku. Nawa mikono. Osha kidonda na nomo salaini, kausha kingo kwa gozi safi. Kiasi kinatokana na rula: kwa tyubu ya gramu 15, urefu mara upana kwa sentimita, gawanya kwa 4, jibu ndo urefu wa jeli ya kukamua. Kidonda cha 4 kwa 2 ni 8, gawa 4, unakamua mstari wa sentimita 2. Kamua juu ya kitu safi kama karatasi ya nta, mdomo wa tyubu usiguse kidonda wala kidole. Chukua na kijiti safi, tandaza kidonda chote safu nyembamba sawasawa, kama milimita moja na nusu. Watu wanapaka nene kama siagi wakidhani ndo itawahi, unamaliza tyubu bure. Juu yake weka gozi iliyoloweshwa nomo salaini na kukamuliwa, iwe mbichi isiwe inachuruzika, alafu funga.

Baada ya saa 12 fungua, suuza jeli iliyobaki taratibu kwa nomo salaini, weka gozi nyingine mbichi bila jeli kwa saa 12 zilizobaki. Ukipaka asubuhi saa mbili, unasuuza usiku saa mbili, rahisi kukumbuka. Kila wiki au mbili pima upya na punguza kiasi maana kidonda kinapungua. Upele au muwasho mkali kuzunguka, simamisha na piga simu kliniki.

Sindano ya Heberprot hufanyi nyumbani kabisa. Kliniki wanachoma mara tatu kwa wiki, sindano ndogo ndogo nyingi kwenye kingo na kwenye sakafu ya kidonda, mpaka nyama ijae, na haizidi wiki nane. Mwambie mgonjwa mapema kwamba kuuma na kuwaka moto pale panapochomwa ni kawaida, na kutetemeka kwa baridi baada ya sindano kunatokea kwa wengi, asije akakimbia dozi ya pili akidhani amelishwa sumu. Panga na nauli ya mara tatu kwa wiki kabla hujaanza, maana dozi iliyokatika katikati ndo hela iliyopotea kirahisi zaidi.

Hatua ya 10: lini uache

Kwa jeli, kama baada ya wiki 10 kidonda hakijapungua hata asilimia 30, au wiki 20 zimefika hakijafunga, simama, mrudishe daktari akaangalie upya damu, mfupa na ukanyagaji. Usinunue tyubu nyingine kwa matumaini. Mara nyingi jibu liko hatua ya 2 au ya 5.

Kikifunga, ngozi ile ni changa. Kati ya waliopona, karibu 40 kwa 100 kidonda kinarudi ndani ya mwaka mmoja, kwahiyo viatu vya soli nene vyenye nafasi ya vidole, ndani na nje ya nyumba, na kupitisha mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa. Kagua nyayo kila jioni, mwenyewe hawezi kuinama mtu mwingine amwangalie. Na chandarua kichomekwe vizuri upande wa miguu, sio kwa ajili ya mbu tu: Dar es Salaam madaktari wameshaandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala wasihisi kitu, panya anauma huku anapuliza, na mwenye ganzi hata hahitaji kupulizwa.

Ukiona lengelenge au mchubuko mpya, kliniki siku hiyo hiyo. Na ile jeli iliyobaki kwenye friji isipakwe mpaka mguu uonwe, kidonda kipya kinaanzia hatua ya 1 kama kile cha kwanza.